Vidonge Kumi na Sita Katika Kopo la Vifungo

Wenzangu wa sindano na mkasi, nawasalimu kwa amani, wa msikitini na wa kanisani. Mwenyekiti wa chama chetu cha mafundi ameniomba nieleze yaliyonipata mwaka jana, tisini na mbili, kabla ya Idi ya kuchinja. Ameniomba pia nisitaje jina la mtu yeyote. Nitatii. Yule anayekohoa pale mlangoni ajue kwamba sijamtaja, ila akiendelea kukohoa atajitaja mwenyewe.

Mnanijua. Shuleni niliishia darasa la sita, lakini kusoma sijaacha. Nina vitabu kumi na kimoja, na kimojawapo ni kitabu kinene cha tiba cha Kifaransa, nilichoachiwa na mteja aliyehamia Butare. Kwa sababu ya kitabu hicho, mtaa wetu mzima wa Biryogo ulianza kuniita Dogiteri. Kwa mdomo nililikataa jina hilo. Moyoni nilikuwa nimeshalipokea na kulitandikia kiti.

Jambo la pili mnalolijua kwangu ni mabaki. Fundi mwingine akikata gauni la kitenge kwa mita tatu, mimi nalikata kwa mbili na robo tatu, na anayelivaa haoni tofauti. Kipande kinachobaki kinaingia sandukuni kwangu. Ndiyo desturi yetu: mteja hakiulizi, fundi hakisemi. Naona baadhi yenu mmeanza kutazama sakafu. Tuendelee.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kufika Idi, nami nilikuwa na kanzu kumi na tisa za kushona. Jumanne asubuhi, sindano ya cherehani ilipita katikati ya kidole changu cha shahada, mkono wa kulia. Nilizungusha gurudumu kwa mkono wa kushoto, nikaichomoa, nikaosha kidole, nikakifunga kwa kipande cha poplini, nikaendelea na kazi. Siku ya tatu kidole kilikuwa kimevimba, kinang'aa, kina moto, na hakikunjiki. Kilisimama wima mchana kutwa. Nikawa kama mtu anayemtolea shahada kila mpita njia. Msikitini mzee mmoja aliniinamia akaninong'oneza, "Ndugu yangu, tumeshakuelewa. Kishushe."

Nikaenda zahanati. Muuguzi wa pale ni mama aliyekulia Bukavu, mwenye sauti ndogo na macho makubwa, na ni mteja wangu pia. Alikitazama kidole, akaniuliza, "Penisilini ilishakudhuru siku moja? Kuwashwa? Kuvimba?"

"Hapana, mama."

"Vizuri, maana hii ni ndugu yake." Akanihesabia kapsuli ishirini na nane za sefaleksini, nusu kijani, nusu nyeusi. "Utakunywa moja kila saa sita, siku saba. Hata kidole kikipona, endelea. Unasikia, fundi? Zote."

"Nimesikia."

Ndugu zangu, ni kweli nilisikia. Masikio yangu hayakuwa na kosa lolote.

Nyumbani nilifungua kitabu changu. Nikasoma kwamba ukoo wa dawa hii ulianzia kwenye ukungu uliookotwa karibu na mfereji wa maji machafu, katika kisiwa kimoja cha Italia. Nikamsomea mke wangu ukurasa mzima. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Mfereji wa maji machafu uko hapa nje. Kitie kidole humo, tusiwasumbue Waitalia." Kwake elimu haiingii kirahisi. Lakini kapsuli ya kwanza alinipa yeye, na kikombe cha maji alikishika yeye, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeshika kitabu.

Nilikunywa siku tatu, kapsuli nne kila siku, bila kukosea saa. Siku ya nne asubuhi kidole kilikunjika. Uvimbe ulikuwa umepungua, na maumivu yalikuwa kama ya kujigonga tu. Nikazimwaga kapsuli juu ya meza ya kukatia nikahesabu. Kumi na mbili zimeingia tumboni, kumi na sita zimebaki.

Hapa nawaomba mnielewe, maana nyinyi ni mafundi. Nilipoziona zile kumi na sita sikuona dawa. Niliona mabaki. Nilijiambia, muuguzi ni mkataji wa kawaida, amepima mita tatu. Mimi ugonjwa huu nimeukata kwa moja na robo, na mvaaji haoni tofauti. Nikazitia katika kopo la vifungo, nikaliweka rafu ya juu, karibu na kitabu.

Siri ya kopo haikumaliza siku. Wa kwanza kuja alikuwa mwenzetu mmoja mshona vifungo, ambaye simtaji, aliyekuwa na kikohozi.

"Dogiteri, nasikia iko dawa ya wazungu kwako."

"Ipo. Inaua wadudu."

"Mimi iko na wadudu mingi. Kifua kinapiga ngoma."

Nilifungua kitabu, nikavaa miwani, nikampima joto kwa kiganja, nikampa nne. Sikumuuliza kuhusu penisilini. Swali hilo niliulizwa mimi, nikadhani ni langu peke yangu.

Baada yake alikuja mama muuza sambusa, mgongo unamuuma. Mgongo! Nikampa sita, kwa sababu mgongo ni mrefu. Kisha akaja jirani muuza kahawa akilalamika kwamba jogoo wake hawiki. Nikampa mbili azichanganye na maji ya kunywa. Mkicheka, chekeni, ila kumbukeni kwamba wawili kati yenu mlikuwa mmesimama nyuma yake kwenye foleni.

Siku mbili baadaye kidole kiliamka kabla yangu. Kilikuwa kimevimba kuliko mara ya kwanza, na mstari mwekundu ulikuwa umeanza kupanda mkononi. Mtu mwenye akili angekimbia zahanati. Mimi nilichukua futi ya kupimia. Nikaandika daftarini: asubuhi, sentimita nne juu ya kifundo cha mkono, adhuhuri, saba. Nikazinywa kapsuli nne zilizobaki koponi, moja kila saa sita, kwa uaminifu mkubwa, huku nikiendelea kupima. Kesho yake asubuhi mstari ulikuwa sentimita kumi na tatu, nami natetemeka kwa homa. Mkasi niliushika ukaanguka. Kanzu kumi na sita zilikuwa bado hazijashonwa, na mkono uliokuwa unalisha watoto wangu watano haukuweza kushika chaki.

Nikamtuma mke wangu akadai mabaki yangu. Alirudi haraka.

"Mama wa sambusa amezinywa zote sita kwa mara moja. Anasema mgongo haujui kama kuna kitu kimepita."

"Na za jogoo?"

"Jogoo ameliwa jana."

"Amekufa?"

"Hakufa. Ameliwa. Mwenyewe alichoka kungoja awike. Sasa vaa viatu, Dogiteri, kabla sijakubeba."

Tulipofika zahanati, kwenye benchi nilimkuta mgonjwa wangu, mwenzetu wa vifungo. Midomo yake ilikuwa imevimba kama vitumbua viwili, jicho moja limefungwa, na mikono yote ina vipele. Akaniona. Nikamwona. Nikakaa mwisho wa benchi nikaanza kusoma bango la chanjo kwa makini, na nililisoma mara tatu.

Muuguzi alitoka na sindano, akamchoma, akamuuliza, "Nani alikupa dawa hii?"

Midomo haikuweza kusema. Akanyoosha kidevu kuelekea kwangu.

"Penisilini ilishakudhuru zamani?"

Akatikisa kichwa kukubali, akanyoosha vidole viwili. Mara mbili.

Ndugu zangu, nawaambia, kicheko changu chote cha leo kinakoma kwenye benchi lile. Muuguzi alisema kwa ile sauti yake ndogo, "Koo lake lingefunga, ungemzika wewe?" Kitabu changu kina kurasa zaidi ya elfu, na swali hilo halimo.

Ndipo akaugeukia mkono wangu. "Ulikunywa ngapi?"

"Kumi na mbili. Halafu nne, baadaye."

"Nilikupa ishirini na nane. Nyingine ziko wapi?"

Nikamweleza. Sikuficha hata jogoo. Nilimweleza na sababu, kwamba fundi mzuri habakishi kazi, hubakisha kitambaa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Fundi, ukishona mshono mrefu, ukakata uzi kabla ya kurudi nyuma kuufunga, kinatokea nini?"

"Unafumuka, mama."

"Kuanzia wapi?"

"Pale nilipoachia."

"Siku tatu ulishona. Siku ya nne ukakata uzi. Wadudu dhaifu walikufa, wenye nguvu ukawaachia mlango." Akauzungusha mkono wangu, akautazama ule mstari. "Ukipita kiwiko, nakupeleka hospitali kubwa. Na huko wakikata, kipande hawakurudishii."

Mke wangu alisema, "Mwambie tena hayo ya kipande."

Muuguzi alikipasua kidole, usaha ukatoka, nikapiga kelele ambazo walioko Gatsata, ng'ambo ya mji, huenda walizisikia. Akahesabu tena kapsuli ishirini na nane, akampa mke wangu, siyo mimi. Tulipokuwa tunatoka akaniita.

"Fundi. Kile kitenge changu cha maua, nilikuletea mita tatu."

"Ndiyo, mama."

"Nacho ulikikata hivyohivyo?"

Nilitamani koo langu ndilo lifunge.

Nyumbani nilichora mistari ishirini na nane ya chaki kwenye meza ya kukatia. Kila saa sita mke wangu aliniletea kapsuli na maji, akasubiri nimeze, akaniambia nifungue mdomo ahakikishe, ndipo akafuta mstari mmoja. Siku ya tatu mstari mwekundu ulikuwa umetoweka. Siku ya nne kidole kilikunjika, na nakiri kwamba niliitazama ile mistari kumi na sita iliyobaki kwa jicho la fundi. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. "Jaribu," alisema. Sikujaribu. Mstari wa mwisho aliufuta siku ya saba, akanikabidhi kitambaa cha kufutia chaki, akaenda kulala.

Na kanzu? Hapa ndipo natoa shukrani zangu. Mlikuja mkazigawana bila kuitwa. Zote kumi na sita zilikuwa tayari kabla ya Idi. Moja ilikuwa na mkono wa kulia mrefu kuliko wa kushoto, mteja akadhani ni mtindo mpya wa Nairobi, nasi hatukumkatalia. Vifungo vyote vilishonwa na mtu mmoja, midomo ikiwa bado haijarudi mahali pake. Nilimwendea nikamwambia, "Mbabarira, ndugu yangu." Alinijibu, "Nimekusamehe, lakini ukinipa hata maji, nitauliza kwanza." Namshukuru yeye kuliko wote. Namshukuru muuguzi, ambaye robo mita ya kitenge chake nilimpelekea ikiwa imepigwa pasi. Namshukuru na aliyefuta chaki.

Somo langu ni fupi. Dawa uliyopimiwa ni yako peke yako, na haina mabaki. Inywe kama ulivyoambiwa, umalize kama ulivyoambiwa. Jirani akikohoa, msindikize zahanati. Huo ndio ujirani. Kitabu bado ninacho, nakisoma kila jioni, ila rafu ya juu nimeiachia vifungo tupu. Lile sanduku langu la mabaki nimekuja nalo, liko pale mlangoni kwa yule anayekohoa. Mteja yeyote aliyepo akikiona kitambaa chake achukue. Sitamtaja, naye asinitaje.

Na kidole chenyewe ni hiki hapa. Ukucha umeota upande, lakini kinakunjika, kinashika mkasi, na asubuhi msikitini kimesimama pale tu kilipotakiwa kusimama. Wazee mnakiona? Basi, sasa nakishusha.