Fundi Aliyebomoa Ukuta Wake Mwenyewe

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, fundi seremala wetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kujenga nyumba za filamu, nyumba ambazo hakuna aliyewahi kulala ndani yake. Wote tunamwita Babu Randa. Mimi ni fundi wa mavazi, chumba changu kimepakana na karakana yake, na vumbi lake la mbao nimelikung'uta kwenye magauni miaka kumi na tisa. Ndiyo maana nimepewa mimi kazi ya kumzungumzia.

Alianza kama msaidizi wa mpaka rangi. Tangu hapo ametujengea hospitali tatu, mahakama, na kituo cha polisi cha plaiwudi kilichofanana na cha kweli hadi mpita njia mmoja akaingia kuripoti baiskeli iliyoibwa. Babu alimsikiliza mpaka mwisho, akayaandika maelezo yake kwa penseli ya useremala, kisha akamsindikiza kituo halisi. Ni mkali, tusidanganyane. Ukigusa futi yake bila ruhusa utajuta.

Lakini kazi ninayotaka kuisimulia ni lile darasa la filamu ya mwalimu mgeni, yule dada anayepangiwa shule yake ya kwanza na wanafunzi wanamtoa kijasho. Mwongozaji alitaka darasa lenye sura ya madarasa yetu ya kweli, si watoto waliofanana kama vifungo vya shati. Wakapatikana viziwi wawili, mtoto mwenye ualbino, watoto wa lafudhi za kila namna, na binti wa miaka kumi na miwili anayetumia kiti cha magurudumu. Huyo ndiye aliyepewa nafasi ya mwanafunzi mtukutu kuliko wote, na mdomo alikuwa nao!

Siku ya kwanza ya kurekodi, binti akafika mlangoni, kiti kikagoma kupita. Babu alikuwa ameweka kizingiti, na upana aliupima kwa mabega yake mwenyewe, kama alivyozoea. Jamani, aibu ilitushika. Mtayarishaji, ratiba mkononi, akasema binti abebwe, na kama hataki, nafasi apewe mwingine. Binti akajibu kwamba mtukutu habebwi kama gunia. Ama aingie mwenyewe, ama arudi nyumbani. Mama yake akaanza kukusanya vitu vyao.

Babu hakujitetea. Alisema mbele ya wote kwamba kosa ni lake, alipima mlango bila kuuliza nani atapita. Akashika nyundo, akaubomoa ukuta alioumaliza jana yake. Kisha akamwomba binti amwonyeshe kiti kinageukia wapi na mkono wake unafika wapi. Binti akamkosoa mara nne, na mzee wetu anayefoka kwa sababu ya futi akawa anaitikia tu, ndiyo mwanangu. Ukuta mpya wenye mlango mpana uliposimama, tulishika brashi sote, hata mtayarishaji, aliyeharibu suruali yake nzuri. Saa nane mchana binti aliingia darasani kwa kasi, akamzunguka mwalimu mara mbili, na seti nzima ikalipuka kwa vigelegele.

Tangu hapo Babu hachori mlango kabla hajaenda kuuliza ni akina nani wamechaguliwa kuigiza.

Siku ya onyesho la kwanza la filamu hiyo tulimkuta ukumbini tangu asubuhi, kavaa suti, anapigilia njia ya mbao juu ya ngazi sita ambazo hakuna mwingine aliyezikumbuka. Hakuwa amemwambia mtu. Jioni binti alikuja, na nyuma yake wenzake watano, kila mmoja na kiti chake cha magurudumu. Tulipouliza aliwaalikaje bila kujua kama wataweza kuingia, alishangaa swali lenyewe. Aliwaambia waje tu, kwa sababu fundi wake atakuwepo. Babu Randa alilia waziwazi, na mimi nikalia naye.

Asante, Babu. Upumzike kwa afya na furaha tele, na mkeo akuvumilie utakapoanza kupima milango ya nyumbani.