Mtoto Anayehesabu kwa Kidawida

Treni ilikuwa inakaribia Voi, na kijana aliyekaa mbele yangu, Sylus, alikuwa bado anamweleza mama wa kando yake kuhusu shahada yake ya pili: jamii na siasa za Uarabuni. Uarabuni kwenyewe hajawahi kufika, lakini sauti yake ilitosha behewa zima.

"Niliwahoji kwa simu wasichana wetu wanaofanya kazi za nyumba kule," alisema. "Mmoja ni wa Ronge, huku Taita. Nilimbadilisha jina ndio asijulikane. Analala stoo, kando ya mashine ya kufua, na simu anapewa Ijumaa tu. Lakini amemfundisha mtoto wa tajiri wake kuhesabu kwa Kidawida, lugha ya kwao! Maprofesa walicheka sana."

Hata mimi nilicheka.

Yule mama hakucheka. Aliliweka chini chungwa alilokuwa akimenya. "Huyo mtoto hunihesabia kwa simu kila Ijumaa," alisema polepole. "Shanice wangu aliniambia amepewa chumba chake, kina dirisha. Nikasimama kanisani nikashukuru, watu wote wakisikia."

Sylus alishusha sauti. "Pole, mama. Lakini jina nilibadilisha."

"Nimesikia. Hao maprofesa walipocheka, ile ya stoo ulikuwa umeshawaambia?"

Treni ikasimama. Sylus aliangalia viatu vyake. Mimi nikaangalia vyangu, kwa sababu nilipocheka, ile ya stoo nilikuwa nimeshaisikia.