Mkono wa Mpira: Maisha ya Mwalimu Poko Tapsoba, 1953–2024

Marehemu Mwalimu Pélagie Poko Tapsoba alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 huko Kokologho, mtoto wa tatu wa Mzee Kuilga Tapsoba, mkulima wa mtama, na Mama Tenga. Hakuwa mtoto wa kukaa kitako. Akiwa na miaka saba alichukua baiskeli ya baba yake bila ruhusa, akapitisha mguu chini ya fremu kwa kuwa kiti hakukifikia, akaenda moja kwa moja hadi sokoni. Kurudi kukamshinda, maana kukata kona alikuwa hajajifunza. Baba alipomfuata na kumuuliza nani kamtuma, alijibu, "Imekuja yenyewe, Baba."

Alisoma shule ya masista mjini Koudougou kuanzia 1961, kisha sekondari, kisha chuo cha ualimu Ouagadougou alikohitimu Juni 1974. Oktoba mwaka huo aliripoti Shule ya Msingi Wendpanga, hapa Koudougou, na hakuhama mpaka alipostaafu mwaka 2011.

Tarehe 17 Desemba 1977 alifunga ndoa na Gaston Nikiéma, fundi baiskeli. Walijuana kwa pancha. Tairi la nyuma la baiskeli ya Mwalimu lilitoboka mara nne ndani ya wiki mbili, na mzee wetu Gaston amekiri majuzi tu, machozi yakimtoka, kwamba mbili kati ya hizo alizitoboa yeye.

Wanafunzi waliomaliza darasa la sita walilazimika kuvuka barabara ya lami kila siku kwenda sekondari, wengine wamepakizana watatu kwenye baiskeli moja. Hilo lilimkosesha raha. Mwaka 1984 akaanza kuwafundisha kila Alhamisi, siku ambayo shule hufungwa: kushika breki, kutazama nyuma, kunyoosha mkono kabla ya kukata kona. Watoto wadogo wakichanganya kulia na kushoto, aliwaambia, "Kulia ni mkono unaolia ugali. Basi!"

Ilimtosha kila mtoto, isipokuwa Zénabo Bouda. Huyo alikula kwa mkono wa kushoto, kwa kificho, kwa kuwa nyumbani alichapwa akionekana. Mei 1991, pale kwenye lami, Mwalimu aliita, "Kulia!" Zénabo akanyoosha mkono anaolia ugali, akakata upande huo, akaingia kwenye mkokoteni wa punda. Mguu ulivunjika mara mbili.

Baba yake, Issaka Bouda, alikuja shuleni na wazazi wenzake. "Mwalimu, ulisema utamfundisha kukunja kona. Basi mguu umekunjika!" Wengi walitaka mafunzo yafutwe. Wengine walimlaumu mtoto kwa kula kwa mkono usiofaa. Mwalimu alisimama akasema, "Kosa ni langu. Nilimfundisha bila kumtazama akila."

Kwa mila yetu alituma kokwa za kola za kuomba radhi, na akazituma kwa mkono wa Bwana Toé, jirani yake wa kabila la Wasamo, ambao kwa utani hutuita sisi Wamosi watumwa wao, kwa sababu Mmosi hawezi kumfukuza mtani wake mlangoni. Toé aliingia kwa Bouda akifoka, "Nani kawapa watumwa wangu ruhusa ya kugombana? Kula hizi kola, we Mmosi, kabla sijakuuza!" Bouda alicheka bila kupenda, akazipokea. Ila aliweka sharti: Zénabo asiguse baiskeli tena. Mwalimu alikubali, na ilimuuma sana.

Tangu hapo kila mtoto alifungwa kipande cha mpira wa tairi, kutoka karakana ya Gaston, kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Leo mtaani kwetu hata wazee humwelekeza mgeni, "Ukifika kisimani, kata mkono wa mpira." Zénabo alipopona alisimama ukutani kila Alhamisi, akiwakosoa wenzake kwa sauti. Mwaka 1993 Bouda mwenyewe alimleta. "Mchukue, Mwalimu. Nyumbani ananyoosha mkono hata akitoka jikoni."

Kiharusi kilimpata marehemu Agosti 2022 na kuulaza upande wake wa kulia. Alijifunza kula kwa kushoto, akicheka. Kilichomnyima usingizi ni Alhamisi. Zénabo, ambaye sasa ni mwalimu wa Wendpanga, alimsaidia miaka mingi lakini hakuthubutu kuvusha watoto peke yake mahali alipovunjikia. "Siwezi bila wewe, Mama," alisema kila alipoombwa. Alhamisi iliyopita, tarehe 1 Februari, aliwavusha. Alirudi na vumbi lake hadi kitandani kwa Mwalimu.

"Wote?"

"Wote, Mama."

"Hesabu tena."

"Thelathini na saba. Nimewahesabu huku na ng'ambo."

"Haya. Sasa nipe uji."

Aliaga dunia Jumatatu, tarehe 5 Februari 2024, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake.

Ameacha mume, Mzee Gaston, watoto Blandine, Anselme na Odette, wajukuu saba, na Zénabo, aliyemwita Mama bila kuzaliwa naye. Bwana Toé ameomba aandikwe pia, kama mwenye mali.

Kesho ni Alhamisi. Familia inawaomba vijana walioweka turubai la msiba katikati ya njia walitoe kabla ya saa mbili asubuhi, watoto wapite.

Mwenyezi Mungu ampokee Mwalimu wetu, na huko aliko apumzike kwa amani.