Redio ya Marehemu Bibi na Mtihani wa Jinai

Mwangaluka, wazee wangu. Shikamooni nyote. Wa rika langu salamu zenu nitawapa tukifika kwenye pilau. Mwenyekiti amenipa nafasi hii kwa sharti moja, akaniambia, "Sema, ila usitugeuze mahakama." Nimemwahidi. Najua chama chetu ni cha kufa na kuzikana, anayesimama hapa mbele huwa na habari ya kaburi au ya sufuria zilizopotea. Leo niacheni nisimame na furaha yangu, maana nimemaliza shahada ya sheria, na mkono wenu umo ndani yake. Wengi wenu hata hamjui.

Majina sitataja. Wenyewe mtajijua, na mkijijua mtulie.

Mimi tangu mdogo nilikuwa na kichwa cha kukariri. Madrasa nilisikia sura mara mbili, imekaa. Sekondari nilikuwa nakutajia jibu na ukurasa lilipo. Kwa hiyo nilipopata chuo niliondoka Tabora na begi langu na mfuko wa matobolwa, viazi vitamu alivyonikaushia shangazi, kifua mbele, najisemea chuo ni darasa jingine tu. Nitakariri, nitatoka.

Ndugu zangu, nawaambia, sheria inakaririka vizuri sana halafu inakucheka. Mwaka wa kwanza tulianza na mikataba, katiba, namna ya kusoma hukumu za majaji, na sheria ya jinai. Kiingereza mwanzo mwisho, na mhadhiri wa jinai anaongea kama mtu anayewahi treni. Sikutishika. Kifungu cha wizi nilikimeza chote, na vituo vyake na mikato yake. Wenzangu wakisahau neno walikuwa wananiuliza mimi badala ya kufungua kitabu. Raha iliyoje.

Mtihani ukaja. Swali linasema: mtu kachukua baiskeli ya jirani yake akidhani ameruhusiwa, kaenda nayo mnadani, kule ikavunjika. Mshauri huyo mtu. Basi. Halikuuliza wizi ni nini, liliuliza habari ya mtu na baiskeli. Mimi nikamwaga kifungu kizima, nikaongeza na vifungu jirani kwa ukarimu, nikajaza karatasi, nikatoka natabasamu. Yule mtu wa baiskeli sikumgusa hata kwa neno moja. Matokeo yakatoka, nimefeli jinai.

Kwa ambao chuo hamjakipitia, ukifeli somo unapewa sapu, yaani mtihani wa marudio kabla mwaka mpya haujaanza. Na mimi kwa alama nilizokuwa nazo, nikifeli na ile sapu nadisko, nafukuzwa chuo, narudi nyumbani jumla. Nilikuwa nimebakiwa na nafasi hiyo tu.

Mama alinipokea stesheni. Nikamwambia palepale, kabla hata begi halijagusa chini, maana ningesubiri tufike nyumbani ningeshindwa. Akauliza, "Somo gani?" Nikamwambia la makosa, watu wanaoiba, wanaopigana, wanaochoma nyumba. Mama akanitazama. "Sasa mwanangu, unafelije makosa na mtaani kwetu yapo kila siku?" Alikuwa anatania, lakini niliumia.

Nikajifungia chumbani na kitabu. Nakariri kilekile kifungu, safari hii kwa hasira, kana kwamba mara ya kwanza sikukikariri vya kutosha. Usione mtu anasoma kutwa ukadhani anasonga mbele. Nilikuwa nimekata tamaa kabisa, nimeshaanza kuitazama cherehani ya shangazi kwa jicho la kuomba kazi. Jirani akiuliza chuo vipi, nasema salama, huku roho inaniuma.

Tukiwa katika hali hiyo, Bibi mzaa baba akafariki.

Mlikuja. Turubai lilifika kabla hatujamaliza kupigiana simu, na akina mama wa chama waliteka jiko, sisi wafiwa tukawa wageni kwetu. Nami nikatolewa chumbani, nikapewa kisu na gunia la vitunguu. Hakuna aliyeniuliza habari za chuo. Nililia humo kwenye vitunguu, nikalia na yangu yote pamoja na ya Bibi, na hakuna aliyetofautisha.

Siku ya kuanua tanga akaingia mtani wetu, bibi yetu wa Kizaramo wa mtaa wa pili. Yule pale anayejifunika khanga. Bibi, usijifiche, wanakujua. Watoto mliokulia kwenye simu, sikilizeni: sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu mababu zetu wanabeba mizigo kwa miguu kwenda pwani na kurudi. Msibani mtani hana mipaka. Siku ile bibi huyu alivaa miwani ya marehemu, akajifunga na khanga yake, akakohoa kile kikohozi chenyewe, akamwita baba yangu kwa jina lake la utotoni amletee maji. Baba alicheka huku machozi yanamtoka. Tulikuwa hatujamwona akicheka tangu mazishi.

Kisha akaingia ndani, akatoka na redio ya Bibi kichwani, ameiwasha sauti ya mwisho, akashika njia ya kwake.

Sasa nina shemeji, mume wa dada yangu. Mtu mwema sana, ila kakulia mbali, na kwao utani wa namna hii hawaujui. Redio ile aliinunua yeye, akamletea Bibi kama zawadi mwaka alipomwoa dada. Alipoiona inatoka getini alichomoka kwenye kiti, akamshika bibi mkono. "Mwizi," akasema. "Mchana kweupe, msibani, hamna hata aibu." Akatoa simu apigie polisi.

Wazee wakaanza kuinuka, na nyuso zao hazikuwa za utani. Dada yangu ameshika kichwa. Nikajua neno lile lisiporudishwa palepale, dada hatakuwa na ndoa ya amani wala sisi hatutazikana tena na watu wa mtaa wa pili.

Shemeji akageuka, akaniona na kisu changu. "Wewe si unasoma sheria? Waambie. Huu si wizi?"

Jamani. Katika sheria zote za nchi hii, anaulizia ile iliyonifelisha. Nikafungua mdomo nikaanza kifungu, kwa Kiingereza, mbio mbio. Nilipofika katikati nikamwona yule bibi ananisikiliza, redio bado kichwani, mkono bado umeshikwa. Nikakatiza. Nilimwonea huruma, na ile huruma ndiyo iliyonizindua. Kifungu kile kilikuwa kinamsema yeye, na mimi nilikuwa sijamuuliza chochote.

Nikaweka kisu chini. "Shemeji, redio ulimpa Bibi, au ulimwazima?"

"Nilimpa."

"Basi si yako tena. Ilikuwa ya Bibi, sasa ni ya warithi wake." Nikamgeukia mtani. "Bibi, uliomba ruhusa?"

"Nimwombe nani? Mlibeba meno ya tembo mpaka kwetu pwani, tukawapa maji na pa kulala. Leo nije niombe redio?"

Watu wakaanza kuguna. Nikaendelea. "Umeichukua ukijua ni mali ya watu na huna haki nayo?"

"Nina haki. Mimi ni mtani. Muulize baba yako."

"Na kama ungeingia usiku, ukaitoa kimya kimya?"

Akanitazama kwa miwani ya marehemu. "Hapo nipeleke polisi, mjukuu wangu. Mtani haibi, mtani anapora mbele za watu."

Ndugu zangu, ilinifunguka yote kwa pamoja. Wizi si kuchukua tu. Ni kuchukua kwa hila, bila kuamini kwa dhati kwamba una haki. Maneno hayo nilikuwa nayo kichwani miezi na miezi, lakini yalikuwa hayajawahi kukutana na mtu. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti, mpaka jikoni wakasikia: "Shemeji, huu si wizi. Kachukua hadharani, na anaamini kwa moyo mmoja kwamba anayo haki. Ukimpeleka mahakamani utashindwa, na msibani utakuwa umeshindwa zaidi."

Shemeji akauachia mkono. Akasema taratibu, "Bibi, nisamehe, sikujua." Na baba akaikomboa redio kwa chupa ya asali, kama ilivyo desturi. Mnadhani mtani aliridhika? Akamtwika shemeji redio kichwani aizungushe turubai zima. "Umeoa Unyamwezini," akamwambia, "sasa nawe ni mpagazi, beba." Tukacheka mpaka wazee wakashika mbavu, na shemeji mwenyewe alicheka kuliko wote.

Jioni ile nilifungua kitabu kwa hamu, na hamu ilikuwa imenipotea kitambo. Kila kesi nikawa namtafuta mtu kwanza: kafanya nini, aliamini nini, nani kaumia, nimuulize nini. Nikawa nachambua maharage na shangazi huku nampa kesi, yeye anakuwa mshtakiwa, ananikatalia kila kitu. Nikaenda kwenye sapu. Swali lilikuwa la mjane aliyevuna mahindi kwenye shamba aliloamini ni la marehemu mume wake. Nikamwona mama wa watu na kikapu chake. Nikamhoji mwanzo mpaka mwisho, na kifungu nikakitumia pale tu kilipohitajika. Nilifaulu. Nilipoona matokeo nilikaa chini kwenye korido nikacheka peke yangu kama chizi.

Na nilivyoendelea hivyo, utamu ukazidi. Sheria ya ardhi, nawaza mipaka yetu ya minyaa. Sheria ya ushahidi, kule wanasema "nimesikia kwa fulani" haitoshi. Nikafikiria mtaa wetu, nikaona sote tungekosa ushahidi. Mirathi, ndoa, kazi, madhara unayomsababishia mwenzako kwa uzembe, hadi mwaka wa nne wanakuuliza haki yenyewe ni nini. Kila somo nilikuta kuna watu ndani.

Nawashukuru. Akina mama wa jiko, mlinipa kisu wakati nilikuwa sifai kwa lolote. Baba na mama, hamkunifanya aibu ya nyumba. Shemeji, umeniruhusu niseme haya huku umekaa mbele kabisa, Mungu akuzidishie. Na bibi yangu wa Kizaramo, asante, deni la maji ya pwani tuendelee kudaiana.

Nililojifunza ni hili: mtoto akirudi ameanguka, msimfungie na vitabu, mtoeni aje kwa watu. Najua humu ndani kuna mzazi ambaye wa kwake karudi na sapu mwaka huu, na akiulizwa anasema chuo salama. Usinyooshe mkono, sitaki kukujua hapa. Mlete nyumbani kwetu kesho asubuhi. Tutachambua maharage, na mimi nitakuwa mshtakiwa wake.