Tujaribu, Mpiga Chapa wa Mashine Saba

Wazee wetu, wafiwa wenzetu, majirani, na ninyi wa ofisini mlioketi safu ya mbele, familia imenituma mimi, mdogo wa marehemu, fundi wa kuchomelea mageti, niwasomee maisha ya dada yangu, na imeniagiza nisome yaliyotokea, si yale yaliyoletwa asubuhi hii yakiwa yamechapwa ndani ya bahasha. Habari ya bahasha hiyo tutaifikia.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Tujaribu, alizaliwa tarehe 14 Februari 1957, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya karani wa posta, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, na wa kwanza kushindikana kunyamazishwa.

Alianza shule ya msingi Januari 1964, akamaliza Novemba 1970, akaingia sekondari mwaka uliofuata, akaiacha akiwa kidato cha pili, Septemba 1972, baba alipopooza mkono wa kulia na kuhitaji mtu wa kumwandikia, cheti hakupata, wala hatutamvika leo, kwa kuwa mwenyewe alipoulizwa alikuwa akijibu, "Sina, ila nipe kazi uone." Taipureta alijifunza peke yake, kwa mashine ya baba iliyokosa herufi moja, ambayo alikuwa akiijaza kwa kalamu.

Tarehe 3 Aprili 1978 aliajiriwa Benki ya Damu, kwa cheo cha Mpiga Chapa Daraja la Pili, baada ya Mkuu wa wakati ule kumwomba vyeti na yeye kumwomba Mkuu karatasi nyeupe. Kompyuta ya kwanza ilipofika, Juni 1986, ilikuja na Mhandisi, mtu mwenye shahada mbili na mwandiko wa kuku, ambaye aliandika kwa mkono, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, programu ya kuhesabu mifuko ya damu, kundi la kila mfuko, na siku yake ya mwisho wa kutumika, akampa marehemu aichape. Akachapa mwaka wa kwanza kama alivyopewa, mwaka wa pili akawa anasahihisha kimyakimya, kwa sababu vidole vilikwisha kujua kabla ya kichwa, na mwaka wa tatu akamwambia Mhandisi makosa yake yalipo, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Wafadhili walikuja, wakagawa kompyuta katika hospitali saba, kila mfadhili akileta ya kwao, zote zikisema zinatumia Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, nazo zilikuwa kama watoto wa baba mmoja waliolelewa na mama saba, ukoo mmoja, tabia mbalimbali, kwa hiyo programu iliyokubali kujengeka, yaani kugeuzwa kutoka maandishi kuwa kitu mashine inachoweza kukiendesha, kwenye moja iligoma kwenye nyingine. Mhandisi akatengeneza orodha ndefu ya majina, kwamba mashine ikijiita hivi, programu ijengwe hivi, ikijiita vile, ijengwe vile, akapongezwa, akapiga picha na wageni.

Februari 1991, hospitali ya tatu ilibadilishiwa mashine, ikaja nyingine yenye jina lilelile, lakini ndani si ileile, maana ya zamani ilihifadhi namba kwa kuanza na kipande kikubwa, na hii mpya ilianza na kidogo, mithili ya watu wawili ambao mmoja huandika mwaka kabla ya siku, na mwenzake siku kabla ya mwaka. Orodha ikaona jina, ikaridhika. Tarehe zikasomwa kinyumenyume, na mfuko uliokwisha muda wake ukatajwa kuwa mzima, ukatolewa, ukafika kando ya kitanda cha mzazi aliyekuwa akivuja damu, na hakuna aliyekufa kwa sababu moja tu, kwamba muuguzi wa zamu aliamini lebo aliyoishika mkononi kuliko karatasi ya mashine. Muuguzi huyo ni mstaafu, yumo humu ndani, na familia inamwinamia.

Ofisini palitafutwa wa kubebeshwa kosa, atupwe kama jongoo na mti wake. Mkuu akaandika kwa kalamu barua ya kukiri, kwamba mpiga chapa alikosea tarehe, na kwa kuwa mpiga chapa alikuwa mmoja tu, akampa marehemu mwenyewe aichape. Akaichapa, safi, bila kosa hata la nukta, akamwekea mezani.

"Umesahau saini," Mkuu akamwambia.

"Sijasahau. Nimeichapa kwa kuwa ni kazi yangu, na siitii saini kwa kuwa si kosa langu."

"Basi ni la nani, binti?"

"La orodha, Mzee. Inaiuliza mashine jina lake. Jina hata mwizi analo. Iulizeni inaweza nini."

Mhandisi akacheka, akasema mashine haiulizwi maswali kama mtoto wa shule. Naye akamjibu, "Tujaribu," neno lililogeuka kuwa jina lake mpaka leo.

Alichofanya ni hiki, na tunakieleza kwa sababu kuna wanaojifanya hawakukiona. Aliandika viprogramu vidogo vidogo, vya mistari mitano au sita, akavituma vitangulie kama wapelelezi, kimoja kikiiagiza mashine iandike namba moja kisha kichungulie imeanzia upande gani, kingine kikijaribu kama inajua kusoma tarehe, kingine hiki, kingine kile, kilichofaulu kikaandikiwa "ipo", kilichoshindwa kikaandikiwa "haipo", majibu yote yakaingia kwenye faili moja, na programu kubwa ikajengwa kwa kufuata majibu hayo. Tarehe 17 Mei 1991 programu ilijengeka na kufanya kazi kwenye mashine zote saba, bila kuiuliza hata moja inaitwa nani, na barua isiyo na saini ikabaki kwenye mtoto wa meza wa Mkuu.

Wala hatumsifii kwa kuficha. Julai 1996, kwenye mashine ya hospitali ya sita, mpelelezi wake mmoja alikuta kifungo cha kuzuia watu wawili wasiandike kwenye faili moja kwa pamoja, akajibu "ipo" bila kukibonyeza, kumbe kilikuwa jina tupu, hakifungi kitu, na mfuko mmoja ukaandikiwa wagonjwa wawili. Hakungoja kuitwa. Tarehe 5 Agosti aliandika barua saba kwa mkono wake, moja kwa kila hospitali, zenye maneno haya: "Kosa ni langu. Niliuliza jina." Hizo alizitia saini zote saba.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 22 Agosti 1983 aliolewa na fundi wa majokofu wa palepale kazini, ambaye alimposa kwa kumwonya kwamba yeye hukoroma, je, ataweza, na jibu alilopata shemeji yetu mnalijua. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 1985, ambaye ni mkunga, na wa kiume wa tarehe 30 Machi 1989, ambaye ni dereva wa trela, na wote wawili wanashuhudia kwamba hawakuwahi kupewa jibu na mama yao kabla ya kuulizwa, "Umejaribu?"

Alistaafu tarehe 14 Februari 2012, Mpiga Chapa Daraja la Pili, alivyoingia ndivyo alivyotoka.

Novemba 2020 figo zilianza kumsumbua, na mwezi wa Mei 2022 alilazwa, akahitaji damu. Muuguzi alimletea mfuko, akamwambia, "Tulia, mama, mashine imesema damu hii ni nzima," naye akainua kichwa, akasema, "Lete karatasi niione." Mashine ilikuwa mpya, imetengenezwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ule, lakini juu ya karatasi palikuwa na maneno yake, majibu ya wapelelezi wake walewale, "upande wa namba: kidogo kwanza, tarehe: ipo." Akasoma hadi chini, akalinganisha na lebo, akanyoosha mkono, akasema, "Endelea, mwanangu." Alifariki tarehe 9 Juni 2022, saa nne asubuhi, mume wake akiwa amemshika kidole cha shahada.

Sasa bahasha. Ndani yake mna aya moja mliyotuomba, ninyi wa ofisini, tuisome, inayosema marehemu alikuwa "mpiga chapa mwaminifu aliyemsaidia Mhandisi." Hicho ni kilemba cha ukoka, na dada yetu hatutamzika nacho. Tumeusoma waraka huo nyumbani, hauna kosa la nukta, nasi tunaurudisha kama yeye alivyorudisha ule wa kwanza, bila saini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani mliopokezana kupika na kufagia, na wenzake wa kazini, mafundi wa majokofu, madereva na wafagiaji, mliokuja kwa miguu yenu bila kutumwa na mtu. Lala salama, dada, mikono yako imemaliza. Mashine saba hazikuulizwa majina yao, nawe hatutaki uulizwe cheo. Na anayebisha, mashine ziko palepale ofisini, aifute kazi yako, kisha ajaribu.