Mstari wa Mbinguni

Tangu amzike mkewe, fundi makochi alikuwa akimuuliza swali moja kila amwonaye na Biblia. Siku hiyo lilimwangukia mama wa kwaya, aliyekaa mbele yake kwenye treni.

"Ni kweli, mama, mbinguni hakuna mume wala mke?"

"Kweli tupu. Mtakuwa kama malaika."

"Malaika atajuaje kwamba chai yangu haitiwi sukari? Labda aliyeandika alipitiwa. Si binadamu tu?"

"Maandiko hayana kosa, baba, hata nukta!"

"Mstari mmoja tu, mama. Mingine yote naikubali."

"Huo huo mmoja ndio ninaoushikilia mimi! Marehemu wangu alinipiga mpaka siku anaugua. Ukiufuta wewe, mimi narudishwa kwake."

Abiria wa kiti cha ng'ambo akajifanya amelala, masikio wazi. Kazi ya fundi ni kufumua mishono iliyokosewa, lakini huu ulikuwa umemshikilia mwenzake.

Treni ikasimama. Mama akashuka bila kuaga. Fundi akakunja magoti ili wa dirishani apite kwanza, kama alivyozoea kumpisha mkewe. Akangoja. Dirishani hapakuwa na mtu.