Kompyuta Zisizoamkiana

Kijiwe chetu kiko Kibiti, ubavuni mwa steshenari ya Faraja, hatua chache tu kutoka yanapopakia magari ya Nyamisati. Ni benchi moja refu kuliko kivuli chake, kwa hiyo anayechelewa anakaa juani. Swaumu huleta birika la kahawa baada ya sala ya alasiri. Mie huwa nipo tangu asubuhi kwa sababu nashona viatu papo hapo. Wenye benchi hasa ni wawili. Wa kwanza Bashiru, tunamwita Meza Kuu, maana alikuwa mhudumu wa ofisi kule Utete miaka ishirini na sita, kazi yake kupanga viti vya wageni rasmi. Wa pili Mtoro, muuza nguzo za kujengea, jina la kijiweni Boriti. Wawili hawa hawajawahi kukubaliana jambo, hata kwamba leo ni Jumatano.

Jumatatu moja aliteremka Gharibu kutoka Salale, mnunuzi wa kamba wa baharini, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu. Mkononi kompyuta mpya, kwapani bahasha yenye sidii ya gemu la zamani la vifaru. Gemu hilo alikuwa akilicheza na mjomba wake Mudrick mwaka 2004, walipokuwa wanasoma kompyuta hapa Kibiti, kwenye chuo ambacho sasa ni ghala la korosho. Mashine mbili, waya mmoja, kila mtu na kifaru chake. Mudrick sasa ni mwalimu Mahege. Na hawajasemezana miaka mitatu.

Ijumaa Gharibu anaoza binti yake, Habiba. Harusi bila mjomba hakuitaka. Akamwomba Faraja aunganishe kompyuta yake na ya dukani, gemu lichezwe kama zamani, ili Mudrick aitwe.

Mpaka tunamimina kikombe cha pili, Faraja alikuwa bado anahangaika. Akatoka nje kupunga upepo.

— Linakataa kwa nini? nikamuuliza.

— Gemu linafunguka vizuri, kila kompyuta peke yake. Kuungana ndiyo hakuna. Ni la miaka ya tisini, linatumia itifaki ya zamani ya mawasiliano. Hizi kompyuta mpya zimeiacha.

Meza Kuu akaweka kikombe chini polepole.

— Rudia hapo. Zimeacha nini?

— Itifaki.

Mzee wa watu, tangu astaafu, hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo mbele yake. Akajiweka sawa kama aliyekabidhiwa kipaza sauti.

— Basi tatizo nimeshalijua. Mie Utete nimeona mkutano umekwama saa mbili nzima kwa sababu wamefika wakubwa wawili na kiti cha katikati kimoja. Hapo kuna kompyuta mbili. Nani anaanza kumwamkia mwenzake? Hamjapanga. Ndiyo maana zinatazamana.

— Itifaki ya nini kwenye waya? Boriti akadakia. Hiyo chumvi. Kompyuta imetoka Salale kwa boti, imekula hewa ya bahari njia nzima. Wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba.

— Yanaingiaje hapo maji ya moto? nikauliza.

— Chumvi inakaa wapi, kama si kwenye maji?

Faraja akamwambia kompyuta ya dukani haijawahi hata kuiona bahari, na yenyewe imekataa vilevile. Boriti akanywa funda moja, akahama chumvi.

— Basi lugha. Gemu la zamani linaongea Kindengereko cha ndani, kile cha bibi yangu. Kompyuta zimetoka Dar juzi. Huyu anaita, yule hajui kama kaitwa.

— Hapo umekaribia, Faraja akasema.

Kumwambia Boriti amekaribia ni kosa kubwa. Alivuta shingo, akatutazama mmoja mmoja, mpaka Swaumu akaacha kumimina.

Faraja akatueleza. Kuna programu ndogo, kama mkalimani. Unaiweka ndani ya folda ya gemu kwenye kompyuta zote mbili. Gemu likisema maneno yake ya kizamani, mkalimani anayafunga ndani ya itifaki mpya na kuyatuma. Upande wa pili mwenzake anayafungua. Gemu halijui kama dunia imebadilika.

Akaingia ndani kumpakua mkalimani. Dakika ishirini. Akachungulia mlangoni, akatikisa kichwa.

— Bado. Na Mwalimu nimeshampigia, nimemwambia vifaru viko tayari. Yuko njiani.

— Umemwambia viko tayari, na haviko? Meza Kuu akauliza.

— Nilidhani mpaka afike vitakuwa tayari.

Boriti sasa alikuwa hazuiliki. Akasema watengenezaji wamekataza vifaru kuvuka makusudi, maana kifaru kikishaingia kwenye waya nani anajua kitatokea wapi. Asubuhi watu wa Mkuranga wanaamka kimeegeshwa sokoni. Samaki mkunje angali mbichi. Hata hatukumuuliza samaki kaingiaje.

— Hapana, akasema Meza Kuu. Kompyuta ni kama mbuzi wa nyumbani, inajua tabia za wenyewe. Hizi zimejua wenye nazo wamenuniana. Zimenuna nazo.

Hatukujua kama Gharibu amesimama mlangoni. Akaja, akakaa kwenye ncha ya benchi, juani.

— Umesema kweli, bwana Bashiru. Siyo mambo ya mbuzi. Yale ya nani aanze kuamkia.

Akatusimulia. Mudrick ni kitinda mimba, mdogo wake mama yake Gharibu, kwa hiyo mjomba. Lakini kwa umri Gharibu amemzidi miaka miwili. Wamelelewa nyumba moja, sahani moja, wakiitana majina. Bibi yake Gharibu, ndiye mama yake Mudrick, alipofariki, wakakutana mlangoni kwenye msiba, watu wamejaa. Gharibu akangoja shikamoo ya umri. Mudrick akangoja shikamoo ya ujomba. Watu wanatazama. Wakapishana kimya.

— Nilidhani kesho yake itakwisha, akasema. Ikawa mwezi. Halafu unaona aibu ya mwezi ni kubwa kuliko ya siku moja.

— Si ungempigia simu tu? akasema Swaumu.

— Nikimpigia, dada yangu, neno la kwanza naanza na lipi?

Boriti akajisogeza, akampa nafasi kivulini.

Bodaboda ikasimama. Gharibu akanyanyuka haraka, akaingia chumba cha nyuma. Mudrick akashuka, shati limechomekewa, vumbi la Mahege hadi kwenye nyusi. Akatupa salamu ya jumla, tukaitikia kwa jumla. Faraja akamketisha chumba cha mbele, kompyuta ya dukani. Waya ulipita chini ya mlango uliofungwa. Sisi tulikuwa dirishani, tumeacha vikombe.

Mudrick akaangalia orodha ya wachezaji kwenye kioo. Jina lilikuwa moja, lake. Akangoja. Akasafisha miwani. Akangoja tena.

— Mwenzangu yupo? akauliza.

— Yupo, Faraja akasema.

— Mbona simwoni?

— Nipe dakika mbili, Mwalimu.

Zikapita kumi. Mudrick akasimama.

— Kama haifanyi kazi, basi. Nina madaftari ya kusahihisha.

Faraja akainama kwenye kompyuta, akafungua mipangilio ya yule mkalimani, akasoma kwa sauti ndogo kama anasoma dawa. Halafu akajipiga paji la uso.

— Kompyuta ina milango miwili, waya na waifai. Mkalimani alikuwa anaita kwenye waifai. Mtu anagonga mlango wa mbele, yeye anaita uani.

Akachagua waya. Akakimbia chumba cha nyuma, akachagua waya huko pia. Kompyuta ikauliza kama iruhusu gemu kupita, akairuhusu. Akarudi mbio. Mudrick alikuwa bado amesimama, mkono kwenye kitasa.

Kwenye orodha yakatokea majina mawili.

Mudrick akayatazama. Akaachia kitasa, akakaa. Vifaru vikatokea, viwili, kila kimoja pembe yake, havitembei. Kumbe kwenye gemu lile kuna kisehemu cha kuandikiana. Tukasikia vitufe vinabonyezwa huku, na nyuma ya mlango vinabonyezwa, kisha kimya, kisha vinabonyezwa tena. Maandishi yakaruka kwenye kioo, mstari juu ya mstari, kwa pamoja. Faraja akatusomea.

— Gharibu anasema, shikamoo mjomba. Mwalimu anasema, shikamoo kaka.

Mudrick akavua miwani, akaifuta, ingawa alishaifuta. Akaandika tena: Ijumaa saa ngapi? Jibu likaja kabla hajanyanyua vidole: Saa nne. Njoo na watoto. Halafu kifaru cha Gharibu kikageuza mdomo na kukilipua kifaru cha mjomba wake.

— Mshenzi huyu, Mudrick akasema, kwa sauti, kuelekea mlangoni. Nyuma ya mlango tukasikia mtu anacheka mpaka anakohoa.

Wakacheza mpaka jua likaanza kulala. Meza Kuu alikuwa anatutangazia kwamba itifaki imezingatiwa, Boriti anadai ni Kindengereko chake kilichofanya kazi, alipokuja mama mmoja abiria wa Nyamisati, ndoo kichwani, gari lake halijajaa. Akauliza tunachungulia nini. Tukamweleza yote, tangu msiba mpaka zile shikamoo mbili. Akasikiliza vizuri. Akatua ndoo.

— Sasa, akasema, marahaba anaitikia nani?

Meza Kuu akamtazama Boriti, Boriti akatazama viatu vyangu. Tukamsogezea kikombe Swaumu. Akainamisha birika lote, likatoa tone moja na machicha.